Nukta Sita, Namba Moja ya TSC

Mashine ya Perkins ni nzito kuliko inavyoonekana. Katikati ina kitufe kirefu cha kuachia nafasi, na kila upande vitufe vitatu, kila kimoja na nukta yake. Anayetaka kuandika neno "mama" hubonyeza kwa pamoja kwa kidole cha shahada na cha pete vya mkono wa kushoto, na cha shahada cha mkono wa kulia. Hiyo ni m. Kisha kidole cha shahada cha kushoto peke yake: a. Halafu anarudia. Karatasi nene inapanda taratibu ikiwa na vinundu, na mstari unapokaribia kwisha kengele ndogo inalia. Mwalimu aliyeshika chaki miaka kumi hujikuta, siku ya kwanza ya somo la nukta nundu, akihesabu vidole vyake kama mtoto wa chekechea.

Thika imeizoea kengele hiyo. Jeshi la Wokovu lilifungua hapa shule ya wasioona mwaka 1946, ikiwa imechipuka kutokana na kazi ya kuwasaidia wanajeshi waliopoteza macho katika Vita vya Pili vya Dunia. Ilikuwa ya kwanza nchini. Mwaka 1962 ikafuata Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, na mwaka 1967 ikafunguliwa shule ya upili ya wasioona. Mgeni akiulizwa Thika ina nini atataja mananasi na maporomoko ya Chania. Ni wachache watakaokumbuka kwamba katika mji huu ndiko Wakenya wengi wasioona walikoshika kitabu mara ya kwanza, na hiyo ni heshima ambayo Thika haijaidai vya kutosha.

Ukipanda matatu hapo Thika kuelekea Nairobi, unapita katikati ya mlolongo wa vyuo vinavyomfaa mwalimu wa watoto wadogo au wenye mahitaji maalumu. Thika yenyewe ndiko yaliko makao ya Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichoanza kama taasisi ndogo ya teknolojia na kupata hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 2011. Ukishapita Juja na Ruiru unafika Kahawa, kwenye Chuo Kikuu cha Kenyatta, katika iliyokuwa kambi ya jeshi la Waingereza iliyokabidhiwa Serikali ya Kenya mwaka 1965. Mbele kidogo, Kasarani, iko Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoundwa kwa tangazo la kisheria la Februari 14, 1986, na kujengwa kwa msaada wa Denmark. Barabara ikiwa wazi, safari yote haimalizi saa moja.

KISE iliielewa mapema hali ya mwalimu wa Kenya: yuko kazini, ana watoto wa kulipia karo, hawezi kuacha darasa miaka miwili akasome. Kwa hiyo diploma yake kwa njia ya masafa ilipangwa kufuata likizo. Aprili, Agosti na Desemba, wakati wanafunzi wanafunga sanduku kwenda nyumbani, walimu hufunga zao kuja darasani. Wanasoma Lugha ya Ishara, nukta nundu, namna ya kumpima mtoto, na namna ya kumwandalia mpango wa masomo ulio wake peke yake. Wengi hujilipia. Mtu anayetoa mshahara wake na likizo yake ili ajifunze kuandika "mama" upya anastahili kuheshimiwa kuliko anavyoheshimiwa sasa.

Hata hivyo, elimu hii yote inamfikia mtoto ikiwa imechelewa.

Mtoto wa Ruiru hakutani kwanza na mwenye diploma ya KISE. Anapotimiza miaka minne anaingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, na anayempokea mlangoni ni mwalimu wa chekechea. Ruiru ilikuwa na watu 238,858 katika sensa ya 2009. Kufikia sensa ya 2019 walikuwa 490,120. Hakuna mji unaoweza kuongezeka zaidi ya maradufu kwa miaka kumi na shule za umma zikaendana nao. Kimbo, Kihunguro na Gatong'ora ni mitaa ya familia changa, zenye watoto wa umri huo huo wa chekechea, na shule za kibinafsi zimejazana kando ya majumba ya kupanga. Katika darasa la namna hiyo, mwalimu mmoja ana dakika chache kwa kila mtoto.

Ni katika dakika hizo anapaswa kuona. Yupo anayeinua kitabu hadi kikagusa pua. Yupo anayegeuza shingo kila anapotazama ubao, kana kwamba anachungulia dirishani. Yupo asiyeitika akiitwa kutoka nyuma, lakini akiitwa ana kwa ana anatabasamu na kujibu. Mwalimu asiyefunzwa humwita wa kwanza mzembe, wa pili mtundu, na wa tatu mkaidi. Aliyefunzwa humsogeza wa kwanza karibu na ubao, mbali na mng'ao wa jua, akamwandikia herufi kubwa kwa kalamu nene nyeusi kwenye karatasi ya manila. Wa tatu humgusa bega kabla ya kuzungumza naye. Kisha wote watatu huwaelekeza kwenye kituo cha tathmini cha EARC, vituo vilivyoanzishwa kwa msaada wa Denmark mwaka 1984 kwa kazi hiyo hasa. Hakuna kati ya hatua hizo inayohitaji mashine ya bei ghali. Zinahitaji mtu aliyefundishwa cha kutazama.

Kwa nini basi mafunzo hayo hayajawa lazima kwa kila anayefundisha PP1? Jibu linaanzia kwenye mashamba ya kahawa.

Katika miaka ya 1940, vituo vya kwanza vya watoto wadogo wa Kiafrika viliwekwa kwenye mashamba makubwa ili mama aweze kuchuma bila mtoto mgongoni. Ruiru ilikuwa nchi ya kahawa. Hata leo jina lake linabebwa na mmea wa Ruiru 11, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kutoka kituo cha utafiti cha hapo hapo. Kazi ya yaya wa shambani ilikuwa kulinda, si kufundisha. Baada ya uhuru wananchi walijenga nasari kwa Harambee na wazazi wakamlipa mwalimu kadiri walivyoweza, lakini dhana haikubadilika: kulea watoto ni kazi ya mwanamke yeyote mwenye subira. Serikali ilianza kuutazama ualimu huu kama taaluma mwaka 1984 ilipoanzisha kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, na mwaka uliofuata vikaja vituo vya wilaya, DICECE. Walimu wakongwe bado hujitambulisha kwa kituo cha DICECE walikosomea.

Leo mlango ni mwembamba zaidi, na ni vyema hivyo. Chini ya mtaala wa umilisi ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, cheti cha chekechea kimeachia nafasi diploma, na anayetaka kujiunga anahitaji alama ya C katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE. Akihitimu anaiendea Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kwa sababu sheria ya mwaka 2012 inamkataza mtu yeyote kufundisha bila kusajiliwa nayo. Anakusanya vyeti vya masomo, kitambulisho, picha za pasipoti, cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na fomu ya GP 69 iliyojazwa na daktari. Kisha anasubiri. Walimu wapya wakikutana swali ni moja: umepata namba? Namba ya TSC ndiyo leseni ya ualimu Kenya. Aliye nayo ni mwalimu. Asiye nayo, hata kama watoto wanampenda, hayumo.

Lakini namba hiyo haisemi mwenye nayo anaweza kufundisha nani. Na haimwambii mwalimu wa chekechea nani atamwajiri. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, ilhali Kifungu cha 237 kiliiachia TSC usajili wa walimu wote na uajiri wa wale wa shule za umma. Matokeo yake ni mwalimu mwenye mabwana wawili: tume ya taifa inampa leseni, kaunti inampa kandarasi. Mwenzake wa elimu maalumu katika shule za Thika yuko chini ya tume tangu kusajiliwa hadi kustaafu. Ikifika siku ya kupeleka walimu mafunzoni, mwalimu wa PP1 hujikuta katikati, kila upande ukidhani ni wa upande wa pili.

Mwaka 2021 TSC ilizindua mpango wa TPD, wa mwalimu kujiendeleza maisha yake yote ya kazi. Mpango ulikuwa na moduli sita, kila moja ya miaka mitano, kwa hiyo miaka 30 kwa jumla, na ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka, huku cheti cha kufundishia kikifungamanishwa na mafunzo hayo. Taasisi nne zilichaguliwa kuyaendesha, na mbili kati yake, Kenyatta na Mount Kenya, ziko kwenye barabara hii hii ya Thika. Vyama vya walimu vililalamika kuhusu ada hiyo, na vilikuwa na haki: mwajiri anayetaka ujuzi mpya ndiye anayepaswa kuulipia. Ila katika kelele za shilingi 6,000 wazo lenyewe lilizama, nalo ni zuri. Leseni inayohuishwa kila baada ya miaka mitano ndiyo nafasi bora zaidi ambayo Kenya imewahi kuwa nayo ya kumpa kila mwalimu wa watoto wadogo, bila kumbagua, somo la kumtambua mtoto mwenye ulemavu.

Wapo waliotangulia. Mashine ya Perkins ilibuniwa na David Abraham, mwalimu wa kazi za mikono katika shule ya wasioona ya Perkins huko Watertown, jimbo la Massachusetts, Marekani, na ikaanza kuuzwa mwaka 1951. Katika jimbo hilo hilo, leseni ya mwalimu wa chekechea hadi darasa la pili inamtaja kuwa mwalimu wa watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu. Ni leseni moja kwa wote. Asiyejifunza kuhusu ulemavu hapewi, na aliyepewa huihuisha kila baada ya miaka mitano. Uingereza nako, mwalimu anayekabidhiwa darasa la watoto wasioona au viziwi hupewa miaka mitatu tu ya kupata sifa maalumu ya lazima. Kenya ilileta mashine ya Massachusetts ikaiweka mezani Thika. Utaratibu wa leseni wa kule haukuja nayo.

Mbegu ipo, tena si ya kuagizwa kutoka nje. Chuo Kikuu cha Kenyatta kimeyaweka mambo haya mawili chini ya paa moja, katika idara ya elimu ya watoto wadogo na mahitaji maalumu, na hapo mtu anaweza kusoma hadi uzamili na uzamifu. Waliopanga hivyo walijua kwamba aliye na miaka minne na aliye na ulemavu mara nyingi ni mtoto yule yule. Tatizo ni safari ya mwenye shahada baada ya mahafali. Mwalimu mwenye uzamili akipandishwa cheo, kupandishwa humtoa darasani: anakuwa mhadhiri, au afisa wa kusimamia mtaala katika kaunti ndogo. Kazi hizo ni za maana, na vituo vya EARC vinawategemea maafisa hao. Lakini mfumo usiompa mtu sababu ya kubaki na watoto wa PP1 akiwa na uzamili wake unatangaza, bila kusema, kwamba watoto hao hawahitaji mtu msomi.

Mwaka 2023 jopo la rais la mageuzi ya elimu, likiongozwa na Profesa Raphael Munavu, lilipendekeza shule za chekechea, msingi na sekondari msingi ziwe taasisi moja, chini ya uongozi mmoja. Katika shule nyingi za umma za Ruiru na Thika uwanja tayari ni mmoja. Darasa la PP1 liko karibu na lango, lenye viti vifupi vya rangi na michoro ya wanyama ukutani. Hatua hamsini kutoka hapo, mwalimu wa Gredi ya Tatu anafundisha ndugu wakubwa wa watoto wale wale. Wote wawili wana namba ya TSC. Asubuhi wanapigiwa kengele moja, wanakunywa chai ya birika moja saa nne. Mwezi unapokwisha, mmoja anapata ujumbe wa benki kwamba mshahara wa tume umeingia. Mwenzake anasubiri fedha zitoke Hazina ya Kitaifa, zifike Kaunti ya Kiambu, halafu zimfikie yeye, na wakati anasubiri, kuna mtoto pale mstari wa mbele ameinua tena kitabu hadi kwenye pua.