Gari la haibridi labana mafuta kwenye foleni, mlima wa Newala una hesabu yake

KILA mwaka minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba na fedha zikaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, mazungumzo ya vijiweni Masasi na Newala hubadilika. Wapo wanaopanga kuezeka bati, wapo wanaowaza ada za shule, wapo wanaotafuta pikipiki. Wachache waliovuna vizuri, pamoja na wafanyabiashara wa maduka na wa mazao, huanza kuulizia bei ya gari.

Miaka ya karibuni mazungumzo hayo yameongezewa swali moja. Mtu anunue gari la kawaida la petroli, lile ambalo kila fundi wa Mkuti analijua, au aongeze fedha apate la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, ambalo karatasi ya muuzaji inasema linakwenda kilomita 35 kwa lita moja?

Swali hilo si la anasa. Bei kikomo za mafuta zinazotangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hupanda na kushuka kufuata soko la dunia. Mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza, mafuta yalipanda hadi serikali ikalazimika kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni. Mfanyabiashara anayekwenda kijijini kufuata ufuta, mbaazi au choroko huiona bei hiyo kwenye faida yake siku hiyo hiyo.

Lakini kilomita 35 kwa lita ni namba inayohitaji kuulizwa ilikotoka.

Namba ya karatasi

Namba hiyo ni ya Toyota Aqua, gari dogo lililoingia sokoni Japani mwezi Desemba 2011. Kwa kipimo cha Japani kilichoitwa JC08, Aqua ilipata kilomita 35.4 kwa lita. Kipimo hicho hufanyika ndani ya maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya mashine, kwa mwendo uliopangwa sekunde kwa sekunde. Hakuna kilima, hakuna mchanga, hakuna abiria wanne na mizigo yao.

Gari hilo hilo liliuzwa Marekani kwa jina la Prius c. Shirika la Mazingira la huko, EPA, lililipa maili 53 kwa galoni mjini na 46 kwenye barabara kuu. Ukigeuza, hiyo ni kilomita 22.5 kwa lita mjini na 19.6 barabara kuu. Gari ni moja, nchi mbili, na kati ya namba mbili kuna tofauti ya kilomita 13 kwa kila lita.

Wamarekani wenyewe walikwishaungua kwa namba za aina hiyo. Prius ya mwaka 2004 ilipewa maili 60 kwa galoni mjini, sawa na kilomita 25.5 kwa lita. Wenye magari wakalalamika kwamba hawazioni. EPA ikabadili kipimo kuanzia magari ya mwaka 2008, ikaongeza mwendo wa kasi, matumizi ya kiyoyozi na hali ya baridi. Prius ile ile ikashuka hadi maili 48, yaani kilomita 20.4 kwa lita. Gari halikuharibika, kilichobadilika ni uhalisia wa kipimo.

Kwa hiyo mnunuzi wa Masasi anayeanza hesabu yake na kilomita 35 amejidanganya kabla ya kulipa. Aanze na 20. Ikizidi, ashukuru.

Kwa nini mjini?

Jambo linalowashangaza wengi kwenye namba hizo za Marekani ni kwamba haibridi hula mafuta kidogo mjini kuliko barabara kuu. Gari la kawaida ni kinyume chake.

Sababu ni breki na foleni. Gari la kawaida likisimama kwenye taa, injini inaendelea kunguruma na kula petroli bila kwenda popote. Dereva akikanyaga breki, nguvu yote ya mwendo inageuka joto na kupotea. Haibridi ikisimama, injini huzimika. Ikipunguza mwendo, mota yake hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri. Ikiondoka polepole, huondoka kwa umeme huo. Yaani kadiri mwendo unavyokuwa wa kusimama na kuondoka, ndivyo inavyopata cha kuokota.

Ndiyo maana Dar es Salaam ni mahali pake. Anayetoka Mbagala kwenda Kariakoo asubuhi anakanyaga breki mara nyingi kuliko anayetoka Masasi kwenda Mtwara mzima. Hata huko kiyoyozi kina gharama yake: gari likisimama muda mrefu kwenye joto, kiyoyozi hunyonya betri, na injini hulazimika kuwaka ili kuichaji.

Masasi ni mji wenye shughuli, njia panda ya kwenda Mtwara, Newala, Nachingwea na Tunduru. Lakini foleni ya aina ya Dar es Salaam haipo. Safari ya kutoka Mkuti hadi hospitali ya Mkomaindo ni fupi, na safari fupi sana si rafiki wa haibridi: injini iliyolala usiku kucha huwaka kwanza ili ipate moto, na pengine dereva amekwishafika kabla haijaruhusiwa kuzimika. Mwenye teksi anayezunguka mji kutwa nzima, akisimama na kuondoka, anafaidi zaidi kuliko mwenye duka anayetoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni.

Fedha inarudi lini?

Hapa ndipo penye hesabu yenyewe. Tuchukue bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita. Msomaji aweke ya kituo chake. Tulinganishe Aqua na Yaris otomatiki ya injini ya 1,500 ya mwaka 2007, ndugu wa Vitz, ambayo kwa kipimo kile kile kipya cha EPA ilipata kilomita 12.3 kwa lita mjini na 14.9 barabara kuu.

Mjini, Yaris hutumia shilingi 244 kwa kilomita. Aqua hutumia 133. Tofauti ni kama shilingi 110. Barabara kuu, Yaris ni shilingi 201 na Aqua 153. Tofauti imeshuka hadi shilingi 48.

Sasa tuseme haibridi imemgharimu mnunuzi shilingi milioni nne zaidi, baada ya bei, usafirishaji na ushuru. (Kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kitamwonyesha ushuru wa kila gari kabla hajaagiza, na ni vizuri kukifungua mapema, kwani umri wa gari huongeza kodi.) Kwa matumizi ya mjini, milioni nne hizo zinarudi baada ya kilomita 36,000 hivi. Mwenye teksi anaweza kuzimaliza kwa mwaka mmoja. Kwa matumizi ya barabara kuu zinahitaji karibu kilomita 83,000.

Mkulima anayetumia gari kilomita 6,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kwenda Mtwara na kurudi, ataokoa chini ya shilingi laki tatu kila mwaka. Milioni nne zitarudi baada ya miaka karibu 14. Gari lililonunuliwa likiwa na umri wa miaka kumi halisubiri muda huo.

Kupanda na kushuka

Masasi iko chini, kati ya milima yake ya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale ambapo mtu akisimama Shimo la Mungu anaona bonde la Ruvuma chini yake. Safari kati ya miji hiyo inavuka bonde la mto Mwiti na kupanda ukingo wa uwanda. Wapo wanaosema mlima huo ndio utakaolipa haibridi, kwa sababu kinachotumika kupanda kitarudi wakati wa kushuka.

Kinarudi kidogo. Gari lenye watu, kwa jumla kilo 1,400, likipanda mita 300 linahitaji nishati ya uniti 1.1 za umeme kulinyanyua tu, mbali na msuguano wa barabara na upepo. Betri ya Aqua nzima ina uwezo wa uniti 0.94, na kompyuta ya gari huruhusu itumike sehemu yake tu ili isichakae mapema. Kwa hiyo wakati wa kupanda betri inachoka mapema na injini ndiyo inayofanya kazi, huku ikiwa imebeba pia uzito wa betri na mota. Wakati wa kushuka betri hujaa dereva akiwa bado mlimani, na nguvu inayobaki inapotea kama kwa gari jingine lolote.

Dereva wa haibridi anayeshuka kutoka Newala ajue herufi B iliyopo kwenye giya ya Aqua na Prius. Akiweka hapo, injini husaidia kulishikilia gari, na breki hazipati moto. Kwenye tambarare arudishe D, maana B haina faida ya mafuta huko.

Barabara nayo ina neno. Njia ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala ina urefu wa kilomita 210. Lami ilianzia Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, na zile 160 zilizobaki zikaingizwa kwenye mradi unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mahali ambapo gari linapita kwenye mchanga au makorongo ya mvua, mafuta huliwa na barabara, na haibridi haina dawa. Aqua imeinuka sentimita 14 tu kutoka ardhini. Anayekwenda shambani masika atakwaruza bamba la chini kabla hajaona akiba yoyote. Kwa mwenye mizigo, Toyota ilitoa Probox ya haibridi mwishoni mwa mwaka 2018 na Noah ya haibridi mwaka 2014, lakini hesabu ya kilomita ni ile ile.

Vumbi jekundu

Kuna gharama ambayo karatasi ya muuzaji haiitaji. Betri kubwa ya haibridi hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, na tundu lake liko karibu na kiti cha nyuma. Kiangazi cha Makonde, ambacho ndicho msimu wa kukusanya korosho, kina vumbi jekundu linaloingia hata kwenye mfuko wa shati. Vumbi likiziba feni, betri hupata moto. Betri inayopata moto mara kwa mara hufa mapema.

Wapo pia wanaolaza kiti na kupakia magunia juu ya tundu hilo. Kwa gari la kawaida hilo ni jambo la kawaida. Kwa haibridi ni sawa na kumziba mtu pua.

Betri inayoanza kuchoka ina dalili zake. Mshale wa chaji hupanda haraka na kushuka haraka, feni hupiga kelele, na injini huwaka mara kwa mara hata gari likiwa limesimama. Mnunuzi wa gari lililotumika Dar es Salaam aombe lipimwe kwa mashine inayosoma kila kundi la seli. Betri ya Aqua ina seli 120 na ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina 168. Chache zikifa, zote zinasumbuka. Nyaya zake za rangi ya chungwa zina umeme unaoweza kuua, hivyo si kazi ya fundi wa kujaribu.

Bei ya betri iulizwe kabla ya kununua gari, si baada. Kila shilingi milioni moja ya betri ni akiba ya kilomita 9,000 za mjini, au karibu 21,000 za barabara kuu. Na haichagui mwaka. Msimu wa 2018/2019, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi. Betri ikifa kwenye mwaka wa namna hiyo, gari hukaa uani.

Kupima mwenyewe

Anayemiliki haibridi tayari asitegemee namba ya kwenye dashibodi, ambayo mara nyingi hupendelea gari. Ajaze tangi hadi pampu ijikate yenyewe, aandike kilomita. Atembee kama kawaida yake. Akirudi, ajaze kwenye kituo kile kile, pampu ikijikata hapo hapo asiongeze. Kilomita alizotembea azigawe kwa lita zilizoingia. Afanye hivyo mara tatu, kwa sababu mara moja haitoshi, na aweke kando safari za Newala na zile za mjini, kila moja na tangi lake.

Kwa anayenunua, jaribio zuri ni kuomba gari kwa nusu siku, akalizungushe mjini kwanza, kisha alipandishe kilima likiwa na watu wanne na kiyoyozi kikiwaka, huku akisikiliza feni ya nyuma.