Kambare wetu hawakuibwa, walilana

Ndugu Mhariri,



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kibeta, Bukoba. Mwaka juzi wazazi walichanga fedha, tukachimba bwawa bondeni na kununua vifaranga 300 wa kambare. Baada ya miezi saba tulilikausha, tukahesabu samaki 43 tu, wanene kweli kweli. Mzazi mmoja alisema hadharani kuwa mwalimu amewala. Sikuwa na la kujibu.

Baadaye Bwana Samaki aliniuliza swali moja tu: je, vifaranga walikuwa wa kimo kimoja? Hapana. Akacheka.

Ndugu Mhariri, kambare si perege. Kambare hula wadudu, konokono, vyura, pumba, na hata ndugu yake aliye mdogo. Anayetangulia kukua huwameza wenzake. Tena ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua, ndiyo maana huishi katika tope ambamo perege hufa. Usiku wa mvua huweza kutambaa na kutoka bwawani, na hapa Bukoba mvua haina likizo!

Safari hii tumeinua kingo na kuzungushia wavu. Kila baada ya wiki mbili tunawachambua, wakubwa wanahamia bwawa la pili. Asubuhi na jioni tunawalisha pumba zilizochanganywa na unga wa dagaa. Wanafunzi wa darasa la sita wanahesabu na kuandika ubaoni, wazazi wasome wenyewe. Juzi walikuwa 251 kati ya 300.

Kambare hazai kwa urahisi bwawani kama perege. Porini hungoja mafuriko. Kwa hiyo mfugaji hutegemea vituo vya kuzalishia, ambako jike hudungwa sindano ya kichocheo ili atage. Ombi langu kwa wauzaji wa vifaranga na wataalamu wa uvuvi ni hili: msimuuzie mtu kambare bila kumpangia wa kimo kimoja na kumfundisha kuwachambua. Mkulima akipata hasara mara moja hufukia bwawa akapanda magimbi, na jina lake haliwi safi tena.

Mwalimu,
Kibeta, Bukoba.