Mtoto Mwenye Degedege, Ulizeni na Choo Chake

Mtoto wa miaka miwili anapandwa na homa kali mchana, jioni anashikwa na degedege. Nyumbani kila mtu anataja malaria, na ni haki kuiwazia kwanza. Lakini kipimo kikionyesha hana vimelea, lisisahauliwe swali hili: choo chake kikoje? Wakati mwingine jibu huja saa kadhaa baadaye, kwenye nepi: choo kidogo kidogo, chenye kamasi na michirizi ya damu.

Hiyo ni dalili kubwa ya shigela, bakteria aliyegunduliwa na Mjapani Kiyoshi Shiga mwaka 1897. Vijidudu kati ya 10 na 100 tu vinatosha kumfanya mtu augue, ndiyo maana huenea upesi ndani ya nyumba moja. Makao yake ni utumbo mpana, na ni nadra kuingia kwenye damu. Hata hivyo mtoto anaweza kupata degedege, kuweweseka au kulala usingizi usio wa kawaida, pengine kabla hajaharisha hata mara moja. Homa huchangia, kushuka kwa sukari na chumvi katika damu huchangia pia. Kwa hiyo apimwe sukari mapema. Ni tone moja la damu, na ikiwa imeshuka hupandishwa palepale.

Linalonitia hofu zaidi huja kwa kuchelewa. Aina moja ya shigela, na baadhi ya bakteria wa E. koli, hutoa sumu inayoitwa kwa jina la Shiga. Sumu hiyo hushambulia mishipa midogo ya damu, hasa ya figo. Kuhara kunapungua, wazazi wanashukuru Mungu, kumbe siku hizohizo viganja vinapauka, uso unavimba, mkojo unakuwa haba. Chembe nyekundu zinapasuka, figo zinashindwa kazi. Wengi hupona wakiwahishwa, ingawa baadhi huhitaji kusafishwa damu kwa muda.

Dawa za kufunga tumbo mtoto asipewe kabisa. Antibiotiki nazo msinunue kwa kubahatisha: shigela huzihitaji, ilhali kwa E. koli yenye sumu hiyo zinaweza kuzidisha hatari ya figo. Mpeni maji ya ORS, aendelee kunyonya na kula, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo mnapoona damu. Hata akiacha kuhara, angalieni mkojo wake kwa wiki nzima. Ukipungua, mrudisheni hospitali bila kungoja kesho.