Baiskeli ya kuegemea: kabla ya kulipa, inuka

Mkalishe mtu mwenye mgongo mbovu kwenye baiskeli ya kuegemea, na dakika hiyohiyo atauliza bei. Kiti ni kipana na kina egemeo, miguu imenyooshwa mbele kwenye pedali, na uzito uliokuwa ukikandamiza viganja, shingo na msamba umegawanywa mgongoni na matakoni. Ile ganzi ya vidole na ya sehemu za siri inayowasumbua waendeshaji wa masafa marefu hupungua sana. Sasa mwambie ainuke.

Hapo ndipo tofauti huonekana. Zile za magurudumu matatu ziko aina mbili. Zenye mawili mbele na moja nyuma hutulia vizuri kwenye kona kwa kuwa kiti kiko chini, mara nyingi sentimita 30 hivi kutoka ardhini. Aliyebadilishiwa nyonga, akishuka hadi hapo, hulazimika kuikunja nyonga kupita kiasi ambacho huenda daktari wake alimkataza. Zenye gurudumu moja mbele huwa na kiti cha juu zaidi: unakaa kwanza, kisha unapandisha mguu mmoja baada ya mwingine. Kwenye kona kali hutaka mwendo wa taratibu, lakini kwa mzee, au kwa aliyepata kiharusi, ningechagua hizi bila kusita. Hakikisha tu ina breki ya kuegeshea, maana kiti kikikukimbia ukiwa nusu umesimama, unaanguka. Ya magurudumu mawili waachie wenye mizani nzuri ya mwili.

Goti lina hesabu yake. Kwenye baiskeli ya kawaida, ukikanyaga kwa nguvu kupita uzito wako, unanyanyuka kwenye siti. Kwenye hii egemeo linakuzuia, kwa hiyo unaweza kusukuma kwa nguvu kubwa zaidi, na mzigo unaangukia goti. Aliyekimbia maumivu ya goti anaweza kuyakuta yakimsubiri hukohuko. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke haraka, mara 80 hivi kwa dakika, na usishindane na mlima. Bomba la mbele linaloshika pedali huvutwa au kurudishwa: pedali ikiwa mbali kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia nyayoni ana jambo jingine la kuangalia. Mguu ukiteleza kutoka kwenye pedali, kisigino hugusa lami na chombo huupitia juu. Kwa wenye kiti cha chini, ajali hii huvunja mifupa. Mikanda ya kushika kisigino si pambo.

Wanaodhani hiki ni chombo cha wagonjwa wamkumbuke mwendesha baiskeli Francis Faure. Mwaka 1933, mjini Paris, aliendesha baiskeli ya kuegemea kilomita 45.055 kwa saa moja na kuvunja rekodi. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kikaiondoa baiskeli ya aina hiyo kwenye mashindano yake.

Mpya ya magurudumu matatu hupita dola 2,000 kwa urahisi, na barabara ya mashimo haiipendi: ukikwepa shimo kwa gurudumu moja, jingine linaliingia. Tafuta duka linaloazimisha kwa siku nzima. Panda nayo kilima, ulale, na asubuhi usikilize goti linasema nini kabla hujatoa pesa.