Vichwa Viwili Katika Kompyuta Moja

Msikilizaji, wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Je, prosesa mbili zaweza kukaa katika kompyuta moja? Prosesa ni ile chipu inayopiga hesabu na kutoa amri. Ndiyo kichwa cha mashine. Swali hili si la mafundi peke yao. Malipo ya korosho yakitoka, wengi wetu hapa Mtwara huenda kununua simu, na muuzaji hutangulia kusifu wingi wa prosesa zake.

Swali hilo lilijibiwa zamani, katika kompyuta za nyumbani ambazo wachache wetu waliziona, kwani mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla hazijaenea.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Commodore 128 ya mwaka 1985. Ndani yake mlikuwa na prosesa mbili, 8502 na Z80, ili mashine moja iendeshe programu za aina mbili. Lakini zote zilitegemea kumbukumbu ileile na njia ileile ya kuifikia. Ukiiwasha, Z80 ilianza, kisha ikamwachia mwenzake. Moja ikifanya kazi, nyingine ilisubiri. Mwenye mashine alikuwa na vichwa viwili, lakini kasi ya kimoja.

Jibu la pili lilitoka kwa BBC Micro, iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, kuanzia mwaka 1981. Yenyewe ilikuwa na prosesa ya 6502. Aliyetaka aliweza kuongeza nyingine katika kasha la pembeni, yenye kumbukumbu yake ya kilobaiti 64. Zilipashana habari kwa njia iliyoitwa Tube. Ya kwanza ilishughulikia kibodi, skrini na diski. Ya pili iliendesha programu. Zote zilifanya kazi kwa wakati mmoja.

Ndivyo tufanyavyo studio. Mimi nasoma, fundi mitambo yuko nyuma ya kioo na mitambo yake, twaelewana kwa ishara. Tungegombea kiti kimoja, msikilizaji usingepata kitu.

Mwaka huohuo wa 1985 Acorn walipata prosesa yao mpya, ARM, iliyobuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber. Waliijaribu kwa kuiunganisha na BBC Micro kama prosesa ya pili. Usanifu wa ARM ndio umo leo katika simu nyingi sana duniani, pengine hata hiyo iliyo mfukoni mwako.

Kwa hiyo ukiambiwa simu ina prosesa nane, usitoe fedha kwa ajili ya hesabu hiyo tu. Programu isiyogawa kazi huitumikisha moja, nyingine zikakaa bure. Uliza kumbukumbu ni kiasi gani, kisha fungua palepale dukani yale unayoyatumia kila siku.

Kidole kimoja hakivunji chawa, msikilizaji. Lakini hata viwili, visipoelekeana, chawa atapona.