Nyufa za Zamani katika Nchi ya Rukwa

Fundi wa nyumba ajua ya kuwa ukuta uliopasuka, hata ukipakwa chokaa upya, hupasuka tena pale pale msingi unapotitia. Ardhi nayo ina tabia hiyo, na mfano wake mkubwa umo kusini-magharibi ya Tanzania, katika nchi ya Ufipa na Rukwa.

Yapata miaka milioni elfu mbili iliyopita, mapande mawili ya gamba la dunia yalisukumana hapo. Miamba ilibanwa, ikakunjwa, ikainuka kuwa safu ya milima iliyoelekea kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki. Wataalamu wa elimu ya miamba huiita safu ya Ubende. Mvua na mito iliitafuna milima hiyo hata ikasawazika; lakini mizizi yake ilibaki chini, pamoja na mistari ya udhaifu ambayo miamba iliteleza juu yake.

Baadaye nguvu ziligeuka: palipokuwa na msukumo pakawa na mvutano. Gamba, badala ya kukatika upya, lilifuata mistari ile ya zamani. Huko Rukwa jambo hili lilitokea zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho ni katika miaka milioni 25 hivi ya karibuni, lilipofunguka Bonde la Ufa la Magharibi. Ardhi ilididimia pande mbili, likapatikana ziwa Tanganyika, lenye kina cha meta 1,470, na bonde la Rukwa. Kati yao ulibaki juu uwanda wa Ufipa. Kwa hiyo miinuko ionekanayo leo si masalio ya milima ya kwanza. Ni kazi ya mvutano, iliyofuata chapa ya msukumo.

Mwendo huo haujakoma. Pande za bonde huachana kwa milimita chache tu kila mwaka. Lakini miamba hushikana, nguvu hujilimbikiza, kisha huachia ghafula. Tarehe 13 Desemba 1910 lilitokea huko tetemeko la kipimo kilichozidi 7. Tarehe 5 Desemba 2005 jingine, la kipimo cha 6.8, lilibomoa nyumba na kuua watu mjini Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ardhi hauzibiki. Lakini aujuaye upitapo aweza kuchagua mahali pa kujenga, na namna ya kuuimarisha ukuta wake.