Kuvuka Australia kwa Njia ya Redio

Wasikilizaji wangu, jioni hii natuandamane mpaka Australia. Nauli haitakiwi, wala masanduku. Masikio yenu yatosha. Kwetu sasa ni saa moja ya jioni, lakini katika mji wa Perth, ulio pwani ya magharibi ya nchi ile, ni saa sita ya usiku, kwa kuwa jua huwafikia wao kabla yetu. Basi na tuhesabu kwamba kumekucha, nasi tumekwisha panda gari la moshi liendalo mashariki.

Tukiisha kupita vilima, tazameni dirishani: bomba kubwa la chuma lafuatana nasi. Mwaka 1893 dhahabu ilionekana Kalgoorlie, watu wakamiminika kwa maelfu, na kumbe hapana mto. Mhandisi C. Y. O'Connor alishauri maji yaletwe kutoka bwawa la Mundaring, karibu na Perth, mwendo wa zaidi ya maili 330, yakisukumwa na mitambo katika vituo vinane. Wengi walimdhihaki. Alijiua mwaka 1902; mwaka uliofuata maji yakafika Kalgoorlie, na hata leo yafika.

Mbele yake ni Nullarbor, jina la Kilatini, maana yake hakuna mti. Ni uwanda wa mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha hunywewa na nyufa, isiache hata kijito. Reli yanyoka maili 297 pasipo kupinda. Nakiri kwamba hapana mengi ya kutazama. Mwenye usingizi na alale.

Lakini mwamsheni tufikapo Ooldea. Wajenzi wa reli walianza kazi mwaka 1912 kutoka pande mbili, wakakutana karibu na hapa tarehe 17 Oktoba 1917. Kabla yao, wenyeji wa asili walikuwa wakiteka maji hapa tangu zama za kale. Chini ya mchanga palikuwa na tabaka la udongo wa mfinyanzi lililoyashika maji, yasikauke hata wakati wa ukame. Watu wa mbali walikutana hapo kwa ibada na kwa kubadilishana vitu. Injini za mvuke nazo zikaona kiu. Wenye reli wakachimba visima, wakateka maelfu ya galoni kila siku, hata ule udongo ukatobolewa na maji yakaingia chumvi. Mwaka 1926 wakapaacha, wakatafuta maji kwingine. Wenyeji, je, waende wapi? Wengi walibaki kando ya reli, wakiwauzia abiria vitu vya kuchonga. Kisha, tangu 1956 hata 1963, Waingereza walijaribu mabomu ya atomiki katika nchi yao, mahali paitwapo Maralinga. Sheria ya kuwarudishia ardhi ilitoka mwaka 1984.

Sasa twafika Port Augusta, na bahari yaonekana. Mwenye kiu na ashuke anywe. Maji ya hapa pia huletwa kwa bomba, kutoka mto Murray.